Chujio la Chumba cha Shuka

Ukitaka kujua kama chujio la hewa limekwisha, usianze kulitazama. Kaa kimya kwanza. Hayo ndiyo maneno ya awali niliyofundishwa kazini, na kama ningekuwa mtu wa maneno machache ningekomea hapo, mkaenda zenu. Lakini nyinyi vijana wa karakana mmeniambia, Mzee Rama, umeshastaafu, keti utuandikie uliyoyaona kwenye mitambo ya hewa. Haya. Mjue tu kwamba mimi chuo cha Kurani nilisoma mpaka nikahitimu, lakini shule ya serikali niliigusa kidogo nikatoka, kwa hiyo mkikuta alama imekaa pasipo pake, isogezeni wenyewe.

Kwetu ni Waa. Baba alikuwa akilima mihogo, nami nilikuwa nikimsaidia kulalamika. Basi miaka ile ya uhuru, bendera mpya bado haijafifia kwa jua, tukasikia kuwa Diani kunajengwa hoteli na vijana wanatakikana. Hoteli yenyewe siitaji jina, kwa kuwa wenyewe waliiuza, na waliouziwa nao wakaiuza. Nilikwenda na viatu vya kuazima kwa binamu yangu ambaye miguu yake ni midogo kuliko yangu. Siku yangu ya kwanza kazini, ninachokumbuka zaidi ni vidole.

Nilikabidhiwa kwa Fundi Kassim. Huyu alikuwa mtu wa Mkwiro, kule kisiwani Wasini, na ujana wake wote aliumalizia ndani ya matumbo ya meli, akipaka mitambo grisi, hata sikio lake moja likafa. Ajabu yake ni kwamba alisikia kuliko sisi wenye masikio mawili. Nilimkuta ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, macho ameyafumba.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba. Wa wapi wewe?”

“Waa.”

“Watu wa Waa husema sana. Keti pale, funga mdomo, kisha uniambie unasikia nini.”

Nikaketi. Nikamwambia nasikia feni.

“Feni hata kiziwi anaisikia,” akasema. “Nyuma ya feni je?”

Sikusikia kitu. Akanicheka, akanipa tambara la kufutia mafuta, na kazi ikaanza.

Sasa mahali penyewe. Ile hoteli chini yake ni jiwe la tumbawe, na mwenye kujenga, kwa kuona taabu kulichimba lote, alilichimba nusu. Humo ndani ya jiwe akatia vyumba vya kufulia, chumba cha boila, na mwisho kabisa chumba cha shuka, ambamo nguo za vitanda zilipangwa hata darini. Chumba hicho hakikuwa na dirisha. Kulikuwa na mlango, na ukutani, usawa wa kifua cha mtu aliyeketi, kulikuwa na tundu pana lenye vyuma kama vya dirisha la jela. Nyuma ya vyuma hivyo ndipo chujio lilipokaa, na nyuma ya chujio feni yetu. Feni ilivuta hewa ya moto ya chumbani ikaitoa nje, hewa mpya ikaingia kupitia chini ya mlango. Na shuka, msione ni nyeupe mkadhani ni safi, hutoa vumbi la nyuzi mchana kutwa. Vumbi hilo likipita likafika kwenye mota, siku moja utaona moto. Ndiyo sababu ya chujio. Lakini chujio likijaa, hewa haitoki, na mle ndani ni kaburi.

Mhandisi Mzungu aliyefunga mitambo alituachia kijibomba cha kioo kilicholazwa ukutani, ndani yake maji mekundu. Chujio jipya, wekundu umelala chini. Likianza kujaa, wekundu unapanda. Ukifika kwenye alama, badilisha. Ni chombo kizuri, na yule bwana alikuwa mtu wa maana, alitueleza mpaka tukaelewa, kisha akanywa madafu yetu yote. Fundi Kassim alikipenda kile kioo. Ila alikuwa akisema kioo kinakwambia *limejaa*, hakikwambii limejaa nini. Hilo ulijue kwa mkono. Wakati wa kaskazi, chujio linatoka kavu, na vumbi linapukutika kama unga wa muhogo. Wakati wa kusi, chumvi ya bahari inalilowesha, vumbi linashikana kama ugali, na chujio linaloonekana lina nusu ya uhai linakuwa limekufa zamani. Linyanyue. Linuse. Lielekeze kwenye mwanga, na usipouona mwanga usimngoje mtu akupe ruhusa. Funga uzi kwenye vile vyuma: uzi ukivutwa ndani sawasawa, salama. Ukining'inia kama mkia wa paka aliyelala, una kazi.

Tuendelee. Machujio yalikuwa yakija kwa meli kutoka ng'ambo, na katika miaka hiyo ya kubadilishana mabwana, mara yakaja, mara yasije. Yalipokosekana kwa muda mrefu, Fundi Kassim akaenda Mwabungo kwa akina mama wanaofukia makumbi ya nazi kwenye matope ya pwani, wakayaacha yaoze, kisha wakayafukua na kuyaponda wapate usumba wa kusokota kamba. Akawaambia, safari hii msisokote. Akaununua ule usumba, akautandaza ndani ya fremu za mbao, akaushona kwa waya. Likawa chujio, tena zuri. Kasoro yake ni kuwa lilikuwa laini, halikukaa kwa ukakamavu kama yale ya kiwandani, na siku za mwanzo lilinuka yale matope lilikotoka.

Chumba cha shuka kilikuwa chini ya Bi Mwanakombo. Alikuwa mwanamke mrefu, mkunjaji hodari, shuka ikitoka mkononi mwake ungeweza kukatia mkate kwa ukingo wake. Alikuwa na mtoto mmoja, Athumani, ambaye hata kutembea hakuwa amejua, na kwa sababu ya kazi alimwacha kwa mama yake Msambweni. Mtoto akashikwa na kifua. Mwanakombo akaenda akamuuguza, akaona nafuu, akarudi kazini. Asubuhi moja mtoto akafariki. Mnazijua desturi zetu, maiti haicheleweshwi. Mjumbe aliyetumwa kwa baiskeli alipata pancha njiani, na Mwanakombo alipofika Msambweni, wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini, wanajikung'uta mchanga. Hakumwosha mwanawe. Uso hakuuona. Na makaburini, mwanamke wa kwetu haendi. Alikaa matanga, akarudi kazini, akaendelea kukunja shuka, na hakuna aliyemsikia akilia.

Wa kwanza kuisikia ile sauti alikuwa Otieno, mtu wa boila, bwana wa bara aliyekuwa na mzaha kwa kila kitu. Alikuja kwetu adhuhuri, saa ile jua limesimama wima na wageni wamelala, saa ambayo wazee wetu hawapendi mtu kutembea peke yake.

“Nyinyi watu wa pwani mna majini mpaka kwa feni,” akasema. “Kuna kitu inapumua huko.”

“Ni tumbo lako,” nikamjibu.

“Tumbo yangu inanguruma, hailii hivyo. Enda usikie, wewe msomi wa Waa.”

Nikaenda. Mwanakombo hakuwapo, alikuwa ametoka kuswali. Chumba kilikuwa cheupe kote, shuka juu ya shuka, na joto lenye harufu ya sabuni. Nikasimama. Nikaisikia feni. Safari hii nikasikia na nyuma ya feni.

Ilikuwa pumzi. Haikuwa upepo, ndugu zangu, upepo naujua, nimelala chini ya makuti maisha yangu yote. Ilikuwa pumzi fupi ya kifua kidogo kilichojaa makohozi: inavutwa kwa shida, inakwama, inakoroma kidogo, kisha inaachiliwa. Halafu kimya kirefu mno, hata wewe mwenyewe unaanza kuvuta hewa ili kumsaidia. Kisha inavutwa tena. Nilitoka kinyumenyume. Viatu wakati huo vilikuwa vyangu mwenyewe na bado nilijikwaa.

Fundi Kassim alikuja akasikiliza kwa sikio lake zima, mkono juu ya vyuma. Akanieleza, na maelezo yake naamini mpaka leo. Usumba umejaa na kulowa, umekuwa kama godoro. Feni inauvuta, unabonyea ndani mpaka pembeni unaachana na fremu. Hewa inapata upenyo, inapita kwa kukoroma. Mvuto ukipungua, usumba unarudi mahali pake, upenyo unazibika, na mambo yanaanza upya. “Hakuna jini,” akasema. “Limekwisha. Nenda kalete jingine.”

Niliporudi na fremu mpya begani, Mwanakombo alikuwa amesimama mbele ya vile vyuma.

“Mnataka kufanya nini?”

“Tunabadilisha chujio, mwanangu,” Fundi akasema. “Limejaa.”

“Msilitoe.”

“Joto litakuua humu.”

“Baba,” akasema, naye hakuwa amewahi kumwita hivyo, “naifahamu hiyo. Nililala nayo sikioni siku zote za ugonjwa. Msimtoe.”

Hakusema *msilitoe* tena. Mimi nilitazama chini. Fundi Kassim naye alimtazama yule mwanamke kwa muda, kisha akaniambia nirudishe fremu ghalani.

Nilimuuliza njiani, fundi, si wekundu umekwisha kufika alama? Akanijibu, “Umefika. Lakini tumbo lake hukuliona?” Sikuwa nimeliona. Mwanakombo alikuwa na mimba nyingine, ndiyo kwanza inaanza kujionyesha. “Nikimnyang'anya kwa nguvu,” akasema, “sijui nitamnyang'anya nini kingine. Na nikimwachia, yule wa ndani hatapata hewa. Wewe ungefanyaje?” Watu wa Waa husema sana, lakini siku hiyo walinyamaza.

Basi tukangoja, na kungoja kwenyewe kulikuwa kubaya. Wekundu ulipita alama. Uzi kwenye vyuma ulining'inia. Shuka za chini zilianza kuota ukungu. Wasichana wa dobi wakakataa kuingia, wakawa wanaziacha nguo mlangoni na kukimbia, na mmoja akaleta chetezo cha ubani ili kumtuliza huyo mwenye kupumua. Ubani wote, bila shaka, ulivutwa kwenye chujio, na usumba ukazidi kuziba, na ile pumzi ikazidi kuwa nzito. Wakaona jini amekasirika, wakaleta ubani zaidi. Fundi akawapokonya chetezo. Mwanakombo hakutuliza mtu. Kazi ikimwishia, alikuwa akiketi sakafuni, shavu kwenye vyuma, midomo ikienda pamoja na ile pumzi. Chakula hakugusa. Mikono ilimkonda, tumbo likawa linakua peke yake kama kitu cha mtu mwingine. Mumewe alikuja mpaka getini kumwita arudi nyumbani apumzike. Alikataa. Alisema, siku ile nyingine niliondoka.

Halafu adhuhuri moja Otieno alimkuta ameanguka juu ya rundo la foronya, jasho limekauka, midomo ya kijivu. Tulimbeba nje, kwenye kivuli cha ukuta wa jikoni. Otieno akampepea kwa kofia yake, safari hiyo bila mzaha. Alipofumbua macho, Fundi Kassim alikuwa amechuchumaa mbele yake.

“Mtoto anacheza?” akamuuliza.

Mwanakombo akaweka mkono tumboni. Tulikaa hivyo wote, mpishi mmoja amesimama na mwiko mkononi. Baadaye akasema, kwa sauti ndogo, “Anacheza.”

“Basi huyu ndiye anayekuomba hewa, mwanangu. Yule mwingine amekwisha ruhusiwa na Mola wake. Ni wewe tu hujamruhusu.”

Alilia hapo, kilio kilichokuwa kimekaa tangu Msambweni. Alipomaliza alijifuta kwa ncha ya leso, akasema, “Kesho. Lakini mnizimie feni kwanza, na mniachie nafasi.”

Kesho yake alikuja na bakuli la maji. Nilinusa kafuri kabla sijaona kitu, na ndani ya maji mlikuwa na majani ya mkunazi yaliyopondwa. Alikuwa na foronya moja nyeupe, mpya. Fundi Kassim alielewa mara moja, nami nikaelewa baada yake: hayo ndiyo maji ya kuoshea maiti. Kati ya chumba cha shuka na chumba cha feni kulikuwa na kijilango cha chuma. Fundi aliniambia nisimame hapo. Nikazima swichi. Feni ikazunguka kwa uvivu, ikazunguka, ikasimama. Fundi akageukia ukuta, akampa Mwanakombo mgongo, kama inavyompasa mtu.

Feni ilikuwa imesimama. Narudia makusudi, kwa kuwa najua mtakavyosema, na mimi ndivyo nilivyosema. Nilinyoosha mkono nikaushika mkanda wa feni. Ulikuwa umetulia, una vuguvugu kidogo kama mnyama aliyelala. Hakuna kilichokuwa kikivuta hewa mahali popote katika jengo lile.

Na ile pumzi ilikuwa ikiendelea.

Mwanakombo alichovya foronya, akaikamua, akaanza kuosha vile vyuma. Upande wa kulia kwanza, kutoka juu kushuka. Kisha wa kushoto. Aliosha taratibu, pembe kwa pembe, na maji yakadondoka sakafuni, na mdomoni alikuwa akisema maneno ambayo sikuyasikia na sikutaka kuyasikia. Pumzi ikavutwa, ikakwama, ikaachiliwa. Nilimtazama Fundi Kassim. Mabega yake yalikuwa yakitetemeka, na uso ameutia ukutani kabisa. Yule mwenye kunieleza habari ya upenyo na fremu.

Mwanakombo alirudia kuosha, kisha akarudia tena, akaitandika ile foronya juu ya vyuma, akaibonyeza kwenye pembe zake kama anavyotandika kitanda. Akasema wazi, tukasikia sote wawili: “Lala, Athumani. Mama amekuja.”

Ikavutwa mara moja. Tulingoja iachiliwe. Haikuachiliwa.

Mwanakombo alinyanyuka kwa kujishika ukutani, akachukua bakuli lake, akasema, “Sasa toeni.” Akatoka bila kugeuka.

Tulilitoa. Fundi Kassim alilichukua mwenyewe, akalilaza juu ya mikono miwili, akapita nalo ukumbi wote wa kufulia. Wasichana wa dobi walisogea. Otieno alikuwa mlangoni mwa boila. Alivua kofia. Huko nyuma ya hoteli tulikuwa na shimo la taka, lakini Fundi alilipita, akaenda mpaka kwenye mchanga laini chini ya miti ya mikadi, akachimba kwa mikono, akalilaza, akafukia. Hakusoma kitu, mjue. Alikuwa mtu wa dini, asingecheza na hayo. Alisimama tu kidogo, kisha akaniambia nikawashe feni. Wekundu ulishuka chini ukatulia. Uzi ukavutwa ndani sawasawa. Chumba kikawa baridi kwa mara ya kwanza tangu kaskazi, na hapakusikika kitu isipokuwa feni.

Mwanakombo aliomba ahamishwe, wakampa kazi ya kuchambua mboga, nje, penye upepo. Alijifungua Msambweni mtoto wa kike. Fundi Kassim alikwenda akamtazama, akarudi na habari moja tu, kwamba ana mapafu ya kupiga kelele zikasikika mpaka Wasini. Juu ya siku ile ya kuosha hatukuzungumza, si wiki ile, si mwaka ule, wala siku nilipokwenda Mkwiro kumzuru akiwa mgonjwa kitandani. Nilikuwa nimeliandaa swali. Alinitazama kwa namna ambayo nililimeza, tukazungumza habari za mikanda.

Nimebadilisha machujio mengi baada ya hapo, ya usumba, ya chuma, ya pamba ya kioo yanayowasha mikono siku mbili, ya haya makaratasi yenu ya sasa yaliyokunjwa kama mapepeo ya bibi harusi. Mambo ni yale yale: tazama kioo, funga uzi, linyanyue, linuse. Likijaa litoe, usimwonee haya mtu, maana walio hai wanapumua. Na mmenicheka mara nyingi kwamba Mzee Rama akishazima swichi huganda pale mbele ya tundu, mkono hauingizi, hata feni imekwisha simama kitambo. Mmezoea kusema uzee, anaogopa vidole vyake. Nami nimewaacha mseme. Feni naijua ikisimama. Huwa nasikiliza kama kuna mtu.